Mama Mkwe Kwenye Gari la Misheni

"Hapo sikai."

"Mama, mbele ni laini. Nyuma gari linarusha, mguu utauma."

"Uume. Mguu ni wangu."

"Ni kiti tu, Mama."

"Kiti nakiona. Na huyo anayekaa kiti cha pili mnadhani simjui? Nikae naye bega kwa bega mpaka Singida, gari likiruka nimwangukie mapajani? Heri mnizike na mguu wangu."

Aliyekataa kiti ni Damari, mwanamke wa makamo, amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe mbele ya tembe lake, mguu wa kushoto umevimba kama mzinga wa nyuki. Aliyembembeleza ni Lea, bintiye. Walisema Kinyaturu, na kila neno la mama, Lea aliligeuza Kiswahili kwa ajili ya mchungaji Mzungu aliyesimama pale ameshika mlango wa gari. Kila alipogeuza alipunguza pilipili.

"Mama anashukuru sana, Bwana Mchungaji," Lea alisema. "Ila anaona nyuma atapata hewa."

Melkiori, mwenye kiti cha pili, alikuwa kando ya zizi. Amewapa wote mgongo, anakagua ng'ombe kama mnunuzi. Hakuwa mnunuzi. Alikuwa dereva wa misheni, mume wa Lea, na huyo Damari ni mama mkwe wake. Kwa Wanyaturu hilo linatosha. Mkwe humtazami usoni. Huli naye, humtaji jina, hukai alipokaa kabla hapajapoa. Mkikutana njiani unaingia porini, unampa mgongo mpaka apite, na miba ikikuchoma ni ya kwako. Waliobatizwa na wasiobatizwa, wote hivyo hivyo. Maji ya ubatizo yaliosha mengi, hilo yaliliruka.

Mchungaji hakujua. Alitoka Amerika, upande wa barafu, na hata mwaka hajamaliza. Jina lake Lund. Watu wakaliongezea mkia likawa Lundi, maana jina linalokatika kama kijiti linachosha mdomo. Alikuwa mtu mwema. Ubaya wake mmoja tu, wema wake ulikuwa na haraka.

Walikuwa safarini, wanazungukia vijiji vya mbali vyenye kanisa la udongo na mwinjilisti mmoja. Gari lenyewe ni pikapu, nyuma wazi. Lilibeba kitanda cha turubai, kinanda cha kukunja, sanduku la vitabu, na debe la maji ya kuchemsha. Wakifika mahali, Mchungaji anafungua kinanda, watoto wanacheka, halafu wanaimba vizuri kuliko kinanda. Chakula alikula kilichopo. Ugali wa uwele na mlenda. Mlenda ulimtoroka vidoleni ukaingia ndani ya mkono wa shati, naye akasema "vizuri sana," akaendelea. Melkiori alimpenda kwa hilo. Mzungu mwingine angefungua kopo.

Basi, kufika kijiji hiki, wakamkuta Lea. Alikuwa kwao tangu mvua zianze, Klara mtoto wao mgongoni, anamuuguza mama. Jembe lilimkata Damari juu ya kifundo wakati wa palizi. Wakapaka samli, wakapaka majani, kidonda kikafunga juu kikaoza ndani. Mchungaji alikinusa tu akabadilika rangi.

"Hospitali," alisema. "Leo. Tukichelewa watakata mguu. Tukichelewa zaidi hawatakata kitu, mtachimba kaburi."

Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, kule Iramba, unapita Mkiwa, unapita Ihanja, unapita Singida mjini ndipo unaanza kuitafuta. Barabara ilikuwa ya Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa serikali, na Bwana Shauri mwenyewe hakupita wakati wa mvua. Na mtu pekee aliyeweza kuliendesha gari lile kwenye tope la mbuga ni Melkiori. Mchungaji aliwahi kujaribu. Kichuguu alichokigonga hakikukua tena.

Basi mguu unataka gari, gari linataka dereva, na mwenye mguu hamtaki dereva karibu.

"Mpeni nyuma," Melkiori aliwaambia ng'ombe kwa sauti ya kusikika. "Atandikiwe godoro la Mchungaji. Dirishani nitatundika gunia. Nami sitageuka."

Damari aliupapasa mguu. Kisha akamwambia Lea, "Muulize huyo anayeongea na ng'ombe, godoro la Mchungaji lina kunguni?"

"Halina, Mama."

"Haya."

Wakampakia. Melkiori alilifikia gari kinyumenyume, kama mtu anayetoka mbele ya chifu, akapapasa mlango, akaingia. Lea akapanda nyuma na mtoto, akamfunika mama kaniki mpaka kichwani. Kitu cha kwanza Melkiori alichofanya kabla ya kutia injini moto ni kukigeuza kile kioo cha kuonea nyuma. Gunia lilikuwa na matundu, basi akakielekeza juu, kikaonyesha bati la gari.

Hawajafika hata kisimani, Mchungaji akanyoosha mkono akakirudisha.

"Kioo chako kimelegea, Melkiori."

"Asante, Bwana."

Melkiori akangoja kona, akakigeuza. Mchungaji akakirudisha. Waliendelea hivyo, mmoja anageuza, mwingine anarudisha, kila mtu na adabu zake. Tope lilikuwa jeusi, linanata kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko. Melkiori aliendesha kwa kusikiliza. Gari likiyumba anasikia Damari anavuta pumzi kwa meno, na hapo anapunguza. Mbele kila shimo aliliona, lakini akilini alikuwa nyuma, kwenye ule mguu.

"Melkiori," Mchungaji alisema. "Mama huyu amekukosea nini?"

"Hajanikosea, Bwana."

"Basi wewe umemkosea?"

"Naomba Mungu isiwe."

"Lakini hamtazamani. Hamsalimiani. Amekataa hata kuketi karibu yako."

"Ndiyo heshima, Bwana."

"Heshima ni kumtazama mtu machoni. Kwetu mtu asiyekutazama machoni ana jambo moyoni."

"Kwetu anayekutazama sana ndiye ana jambo."

Mchungaji alitikisa kichwa kwa huzuni. Alishakata shauri kwamba hapa pana chuki, na yeye kazi aliyotumwa kutoka ng'ambo ni kuondoa chuki.

Melkiori angemwelezaje? Kuna vitu ukivieleza vinakuwa vidogo. Alipokwenda kumposa Lea hakuwa na kitu. Baba alikufa mapema, mifugo ikaenda na wajomba, shule akaacha akaenda kuosha malori mjini, pale Utemini. Kaka zake Lea walimcheka wazi wazi. Mmoja alimuuliza kama mahari ataleta kwa ndoo, na maji ya sabuni juu. Melkiori alishainuka aondoke. Hapo sauti ya mwanamke ikatoka ndani, gizani, nyuma ya ukuta wa udongo. "Huyu mtoto wa watu ana mikono. Hao wenye ng'ombe mnaowataka, ng'ombe ndio wenye mikono? Mpeni." Kaka wakanywea. Ndivyo alivyopata mke.

Sura ya aliyesema haijui. Anaijua sauti. Anajua kikohozi chake, na anavyotembea, kisigino kizito, mguu wa kulia unatangulia. Anajua asali yake, maana kila msimu kibuyu kilikuja kupitia kwa Lea, hakina salamu, kina asali tu. Na shukrani hakuwahi kuitoa, kwa sababu mkwe hushukuriwi naye wala humshukuru mdomo kwa mdomo. Unamshukuru kwa kumpa mgongo. Sasa mwambie hivyo mtu wa Amerika.

Mkiwa walisimama kutia maji kwenye rejeta. Pale njia panda palikuwa na duka la Othmani, mtu wa Singida mjini, mama yake wa pwani baba wa bara, mdomo wake wa pande zote mbili. Alikuwa barazani na kahawa. Akaliangalia gari, gunia dirishani, kaniki nyuma, kioo kimetazama mbinguni, akaelewa yote mara moja.

"Dereva," alisema. "Umempakia mkweo kama tenga la kuku."

"Kaa kimya, Othmani."

"Mimi nikae kimya? Wewe ndiye umekaa kimya toka ulipotoka. Shikamoo, Bwana Mchungaji. Karibu kahawa. Na mgonjwa apelekewe chai, ya maziwa, sitaki kitu, mgonjwa ni wa wote."

Lea alimpelekea mama chai. Mchungaji yeye hakunywa. Alisimama katikati ya baraza, akavua kofia, akaanza kusema habari ya kusameheana. Alisema vizuri, Kiswahili chake cha kitabuni kimepigwa pasi. Alisema mtu hawezi kwenda hospitali ya Mungu na uchungu kwa jirani yake. Wapita njia wakasimama. Halafu akashuka barazani, akaenda nyuma ya gari, akanyoosha mkono wake mmoja kwa Damari na mwingine kwa Melkiori.

"Njoo, Melkiori. Mpe mama mkono. Hapa, mbele za watu."

Melkiori aliutazama mkono ule. Akikataa amemkataa mchungaji na mwajiri wake hadharani. Akikubali amemvua nguo mama mkwe barabarani Mkiwa, mbele ya duka, wanawe hawatasahau mpaka wajukuu. Chini ya kaniki Damari hakutikisika. Alijifanya amekufa.

"Bwana," Melkiori alisema, "rejeta inavuja."

Akaenda mbele, akafungua boneti, akaingiza kichwa. Rejeta ilikuwa nzima kama yai.

Othmani alicheka ndani ya kikombe. Mchungaji hakucheka. Alimfuata mpaka kwenye boneti, akasema pole pole, kwa sauti ya mtu anayeumia kweli, "Gari hili linabeba Injili. Sijui kama mtu mwenye moyo mgumu anaweza kuliendesha. Tukifika tutazungumza habari ya kazi yako."

"Ndiyo, Bwana. Lakini tufike kwanza."

Wakaondoka. Mbele ya Mkiwa, kuelekea Ihanja, kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanachimba humo maji ya kunywa. Siku hiyo lilikuwa na maji ya rangi ya chai, na kwa juu, milimani, mbingu ilikuwa nyeusi. Melkiori alisimamisha gari ukingoni. Mchungaji akavua viatu, akaingia na fimbo kupima. Magotini. Akapunga mkono, njoo.

Angekuwa peke yake Melkiori angengoja. Lakini nyuma Damari alishaanza kuongea ovyo kwa homa, anamwita marehemu mumewe aje afunge ndama. Kungoja kulikuwa kumewakalia vibaya. Akatia gea ya kwanza, akaingia.

Katikati mchanga ukalegea. Gari likainamisha pua, maji yakaingia kwenye injini, ikakohoa, ikazima. Na huko juu mvua ilishanyesha kitambo. Maji yakaanza kupanda, hayana kelele, yanapanda tu.

"Mama Klara, shuka na mtoto," Melkiori alisema bila kugeuka. "Mshike Mchungaji. Sasa hivi."

Lea alishuka, Klara juu ya mabega, Mchungaji akamshika mkono, wakavuka. Maji yalikuwa kiunoni. Mchungaji akamweka ukingoni akarudi kumchukua mgonjwa, na kwa kweli alirudi kwa moyo. Lakini mguu ukateleza kwenye jiwe. Akazama mzima mzima, akaibuka mbali, miwani haipo. Bila miwani yule bwana haoni kiganja chake. Akawa anaelekea Tabora. Lea akamrushia ncha ya kanga, akaidaka kwa bahati, akavutwa nje kama ndama.

"Nipe miwani," alisema, anapapasa nyasi.

"Imekwenda, Bwana. Kaa hapo hapo."

"Na mama?"

Lea aliliangalia gari. Na mtoto begani asingeweza kurudi, na kumpa mtoto mtu asiyeona ukingoni mwa maji, hapana.

Walibaki wawili kwenye gari. Melkiori alitoka kupitia dirishani, akasimama kwenye maji, ameegemea bodi, ubavuni. Nyuma yake, juu ya godoro linaloanza kuelea, Damari. Homa ilikuwa imemwachia akili kidogo, Melkiori alimsikia anavyohema. Mtu wa kupitisha maneno hayupo. Tangu aoe, Melkiori hakuwahi kumwambia neno moja la moja kwa moja. Akakohoa. Akatafuta wa kumwambia, akamwona mmoja tu.

"Mungu," alisema kwa Kinyaturu, "mwambie mama wa Lea maji yanapanda."

Maji yaligonga bodi. Kisha nyuma, sauti ile ile ya nyuma ya ukuta.

"Mungu, mwambie huyo nimeyaona, mimi si kipofu. Aende akajiokoe. Mtoto wake mdogo."

"Mungu, mwambie siendi."

"Mungu, mwambie ana kichwa kama mawe ya Singida."

Ukingoni Mchungaji alisikia Mungu, Mungu, jina alilolijua kwa lugha zote. Akainua mikono yake miwili yenye matope. "Amina!" alipaza. "Endeleeni kuomba!"

Wakaendelea.

"Mungu, mwambie mama wa Lea namgeuzia mgongo kama siku zote. Nainama hapa. Ajifunike uso, ashike mabega. Mgongo hauna macho."

"Mungu, watu watasema nini?"

"Mungu, watu hawapo. Yupo Mchungaji, na miwani imekwenda na maji."

Kitu kikatoka nyuma, kama kikohozi, kama kicheko. Melkiori alichuchumaa mpaka maji yakamfika kidevuni, macho ameyafumba kabisa, ingawa alikuwa anatazama kwingine. Alifumba tu. Akangoja. Godoro likagonga bodi. Halafu mikono miwili ikamshika mabegani, mikavu, ya moto.

Akainuka.

Hakuwa na uzito. Hilo ndilo lililomshtua. Sauti ile iliyowanyamazisha kaka wote, kumbe mwili wake ni mwepesi kama mzigo wa kuni zilizokaa kiangazi kizima. Joto la homa lilipita kwenye shati lililolowa likamfika mgongoni. Alinuka moshi na samli na kidonda. Mguu mbovu aliuning'iniza juu ya maji, na Melkiori aliushika chini ya goti kwa kiganja wazi, kama anavyoshika yai, huku akipapasa mchanga kwa vidole vya miguu.

"Mungu," Damari alisema sikioni kwake karibu kabisa, "mbele yake kulia kuna shimo. Nililiona kiangazi, watoto wakichimba."

Akashika kushoto.

"Mungu, asikimbie."

Akapunguza.

"Mungu, huyu mtoto wa watu anatetemeka. Mwambie na mimi natetemeka."

  Alitembea. Maji yalimsukuma ubavuni, mti mzima ukapita nyuma yao, na yeye alitembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa mpaka mdomoni. Alipofika kwenye nyasi hakumtua kama mzigo. Alipiga magoti, akainama, akangoja mikono ile iondoke yenyewe. Iliondoka. Kisha akatembea magotini, mbele mbele, mpaka akawa mbali vya kutosha, ndipo akasimama. Hakugeuka.

Mchungaji alikuwa analia. Machozi na matope, uso mzima. "Mmepatana!" alisema. "Nimesikia mkiomba pamoja! Nipeni mikono yenu."

Akapapasa hewani, akaupata mkono wa Melkiori, akapapasa tena upande wa wanawake, akaupata mwingine, akaiunganisha, akaifunika kwa yake, akaomba maombi marefu ya upatanisho. Mkono alioupata ni wa Lea.

"Amina, Bwana," Lea alisema, anamtazama mumewe, meno nje. "Tumesameheana kabisa."

Watu wa Ihanja walikuja na ng'ombe na kamba za ngozi, wakalivuta gari maji yalipopungua. Walikausha plagi kwenye moto. Kinanda kilikuwa kimekunywa maji mpaka basi, sanduku la vitabu wakalikuta limenasa kwenye mizizi. Njiani, Mchungaji, akipepesa macho, akamuuliza Lea kupitia gunia, "Hivi, mama yako anamchukia Melkiori?"

"Kumchukia? Bwana, angemchukia angemtazama."

Mchungaji alikaa na neno hilo mpaka Singida. Wakati taa za mjini zinaanza kuwaka kule Utemini, mkono wake ukapapasa juu, ukakipata kile kioo ambacho Melkiori alikuwa bado hajakigeuza, ukakielekeza kwenye bati.  Habari ya kazi hakuisema tena.

Hospitalini walimpasua Damari kidonda, wakamchoma sindano, wakasema wangoje. Mguu ungeamua wenyewe. Mchungaji alipata kitanda pale pale kwa kifua kilichoshika baridi, gari likawa halina pa kwenda, na Melkiori akapewa pa kulala nyuma ya karakana. Kila siku Lea alitoka wodini na habari. Homa imeshuka. Homa imerudi. Amekula uji. Amemtukana mwuguzi, dalili nzuri.

"Na mimi?" Melkiori aliuliza. "Amesema nini?"

"Juu yako hakusema kitu, Baba Klara."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Zamani hata kama hana la kusema angetuma neno. Mwambie dereva akate kucha za mtoto. Mwambie dereva kibuyu kirudi. Maneno ya hivyo, makavu, na Melkiori aliyala kama karanga. Sasa hakuna. Alianza kuhesabu makosa yake. Aliushika mguu chini ya goti. Alimwongelesha. Pengine alipoinuka pale majini alimrusha kidogo. Pengine kule kutetemeka, alijua. Amemwokoa mguu na amempoteza mwenyewe, basi, si ndivyo? Mtu ukimvusha maji mkwe wako, huwezi kumvusha tena kurudi mlipokuwa.

"Mwambie," alimwambia Lea, halafu akaacha.

"Nimwambie nini?"

"Basi. Usimwambie."

"Nyie wawili mtaniua," Lea alisema, akamhamisha mtoto mgongoni, akaenda zake kuchemsha maji.

Asubuhi moja Melkiori alikuwa chini ya gari. Mchanga wa korongo ulikuwa bado unatoka kila mahali, ameshautoa kwenye breki, sasa anautoa kwenye springi, amelala chali juu ya gunia, mafuta yanamdondokea shingoni. Uwanja wa karakana ulikuwa mtupu. Mgonjwa alikuwa hawezi kufika huko, tena kwa nini afike.

Akasikia hatua. Polepole. Fimbo, halafu kisigino, halafu kitu kinachoburuta kidogo.

Kutoka pale chini aliona ukingo wa shuka la hospitali, fimbo ya mti usiochongwa, na miguu miwili. Wa kulia ulikuwa na ufa wa zamani kwenye kisigino. Wa kushoto ulifungwa bendeji nyeupe mpaka karibu na goti, na chini ya bendeji kulikuwa na vidole vitano vyeusi, vikavu, vya kawaida kabisa, vinavyokanyaga ardhi.

Mguu wa kulia ulitangulia. Alikuwa anajifunza kutembea, bila shaka, na watu walimwambia azunguke nyuma kwenye kivuli. Miguu ile ilikuja mpaka karibu na tairi. Kisha ikasimama ghafla. Damari aliona viatu vya Melkiori vimetokeza upande wa pili.

Melkiori aliacha kutoa mchanga. Hawezi kutoka. Akitoka watakuwa uso kwa uso. Akafumba macho, halafu, Mungu amsamehe, akayafumbua, akaitazama ile miguu tu. Miguu si uso.

Fimbo ilichora kitu mchangani. Ikafuta.

"Wewe gari," Damari alisema, sauti ile ile. "Umelala juu ya mwanangu. Ukimwangukia utanijua."

Gari halikujibu. Melkiori alilala pale na spana kifuani, mafuta yanamwingia sikioni, wala hakuyafuta.

Kisha miguu ikageuka. Iligeuka kwa shida, ule wa bendeji ukibaki nyuma kidogo, ukatafuta pa kukanyaga, ukakanyaga, ukauchukua uzito wote. Damari akampa mgongo, akaenda zake kuelekea wodini, kisigino kizito, mguu wa kulia unatangulia, wa kushoto unafuata.